MGB yenye kutu mjini Tanga: uiuze ilivyo, uirekebishe kidogo, uitengeneze yote au uichinje?

Mwenye MGB, gari dogo la michezo la Kiingereza, anayetaka kuiuza ana njia nne: kuiuza kama ilivyo, kurekebisha machache ili iwake na isimame, kuitengeneza yote hadi ing'ae, au kuichinja na kuuza spea moja moja. Wengi huchagua njia kwa kuangalia injini na rangi. Wanaangalia mahali pasipo. Kinachoamua ni chuma kilicho chini ya milango, na hicho hakionekani mpaka mtu alale chini na tochi.

Sababu ni kwamba MGB haina chesi ya peke yake. Gari hili lililotengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, bodi yake ndiyo chesi. Kwenye ile ya wazi, isiyo na paa la bati, mzigo mkubwa unabebwa na vizingiti viwili vya chini ya milango. Kila kizingiti ni mabati kadhaa yaliyochomelewa pamoja: la nje linaloonekana, la kati lililosimama, na la chini kwa ndani. Unyevu ukiingia humo katikati hautoki. Kwa gari linalolala Raskazone au karibu na bandari, upepo wa bahari, uwe kusi au kaskazi, huleta chumvi mpaka barazani. Kutu huanzia ndani, kwa hiyo ukiona rangi imefura malengelenge kwa nje, ujue ndani kumeshaliwa zamani. MGB GT, ile yenye paa iliyoanza 1965, huoza vilevile, ila paa huisaidia isilegee haraka.

Kabla ya kuchagua, kagua

Sumaku ndogo iliyotolewa kwenye spika mbovu inatosha. Ifunge kwa kitambaa isikwaruze rangi, uipitishe taratibu sehemu ya chini ya madigadi ya mbele, nyuma ya gurudumu, ushuke nayo hadi kizingiti, kisha upinde wa gurudumu la nyuma. Mahali inaponata ni chuma. Ikiteleza au kudondoka, hapo pana puti. Gonga kwa mpini wa bisibisi: bati zima hulia, puti hutoa sauti nzito iliyokufa.

Kipimo cha pili ni cha jeki. Funga milango, tazama mwanya kati ya mlango na bodi ya nyuma, juu na chini. Kama huna uhakika na macho yako, upime kwa vipande vya kadibodi. Weka jeki mahali pake pa kuinulia kwenye kizingiti, tanguliza kipande cha ubao, nyanyua polepole mpaka tairi za upande huo zianze kuwa nyepesi. Sasa fungua mlango na uufunge. Ukikwama, au mwanya ukibadilika kuliko ulivyokuwa, kizingiti hakibebi tena. Ukisikia bati linasagika, shusha; jibu umeshalipata. Na usiingize hata mkono chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Injini inapimika kwa urahisi zaidi. Ni ya silinda nne, 1798 cc, na tangu mwishoni mwa 1964 krenki yake inakaa kwenye beringi tano badala ya tatu za mwanzo. Pasha moto injini, toa plagi zote, kanyaga mafuta mpaka mwisho, piga stata na usome kompresheni ya kila silinda. Hesabu moja moja si muhimu kama tofauti kati yao. Silinda moja ikiwa chini sana, itie kijiko cha chai cha oili upime tena. Ikipanda, ringi zimekwisha. Isipopanda, ni valvu au gasketi ya hedi. Geji ya oili, gari likiwa limechemka vizuri na unaendesha, isome kati ya 50 na 80 psi; likiwa limesimama linanguruma, hata 15 hadi 25 si vibaya.

Valvu zinahitaji neno moja zaidi. Petroli yenye risasi ilikoma kuuzwa kusini mwa Sahara ifikapo Januari 2006, na hedi za zamani hazikuwa na viti vigumu vya valvu. Mnunuzi anayejua atauliza kama hedi ilishawekewa viti vigumu upande wa eksozi. Kama risiti ya kazi hiyo ipo, itafute.

Kuuza kama ilivyo, au kurekebisha machache?

Ushindani wa kweli uko hapa, kwa sababu njia hizi mbili ndizo zinazowafaa wengi.

Kuuza kama ilivyo kunafaa gari ambalo kipimo cha jeki kimelishinda na ambalo halijawaka kwa muda mrefu. Unaokoa muda, huingii gereji. Hasara yake ni kwamba gari lisilowaka humpa mnunuzi ruhusa ya kufikiria mabaya yote: atahesabu injini imekufa, giaboksi imekufa, na waya zimeungua, hata kama tatizo ni pampu ya petroli tu. Dalali naye atashusha bei yako huku akiweka cha juu chake palepale.

Kurekebisha machache kunaondoa shaka hiyo. Lengo ni dogo: liwake kwa ufunguo, liende kilomita chache, lisimame linapokanyagwa breki, lisichemke. Anzia nyuma. Mwaga petroli ya zamani. Washa swichi bila kupiga stata na usikilize pampu ya petroli ya umeme, ya kampuni ya SU, iliyo nyuma karibu na tangi: inapaswa kugonga tik-tik-tik kisha inyamaze kabureta zikijaa. Ikiwa kimya tangu mwanzo, platini zake huwa zimeshikana, na mara nyingi kuigonga kidogo kwa mpini wa nyundo huiamsha (lakini ibadilishe, usimuuzie mtu pampu ya kugongwa). Ikigonga bila kukoma, ama inavuta hewa, ama mafuta yanamwagika mahali.

Baada ya hapo, haya ndiyo maamuzi:

| Kasoro | Fanya nini | Kwa nini |
|---|---|---|
| Breki za nyuma zimekamata | Rekebisha | Ni silinda ndogo na mipira yake. Gari lisilosimama halijaribiwi na mtu. |
| Tangi linavuja | Badilisha | Hutoboka upande wa juu, palipojikusanyia tope, kwa hiyo huvuja likijazwa tu. Kuziba kwa sabuni ya mche kutakuumbua mnunuzi akijaza. |
| Kabureta zinamwaga petroli | Rekebisha | Kwa kawaida ni sindano na kiti chake, au floti. Karibu na eksozi ya moto si jambo la kusubiri. |
| Ovadraivu (gia ya ziada ya kupunguza mzunguko wa injini) haiingii | Angalia swichi, waya na oili | Oili yake ni moja na ya giaboksi, 20W-50. Kama tatizo liko ndani, acha na useme. |
| Klachi haishuki | Rekebisha | Masta ya juu na silinda ya chini huliwa mipira kama breki. |
| Betri mbili za volti 6 nyuma ya viti | Weka moja ya volti 12 | Zile ndogo ni taabu kupata. Hakuna atakayekushushia bei kwa hilo. |
| Moshi wa buluu | Acha | Gharama ya kufungua injini hairudi kwenye bei. |
| Turubai limechanika | Acha, ila lifunike gari | Viti na sakafu vikiloa utauza kutu mpya. |
| Rangi imefifia | Usiguse | Maelezo yapo chini. |

Kuchemka ni kesi ya peke yake kwa sababu ya joto la Tanga. Kitu cha kwanza ambacho mafundi wengi hufanya ni kutoa thamostati. Gari hili lilikusudiwa kuwa nayo: nyuzi 82 kwa kawaida, na 74 kwa nchi za joto. Weka ya 74, safisha rejeta kwa maji yanayoingia chini na kutokea juu, kagua mkanda na kifuniko cha rejeta. Likichemka bado, hapo ndipo ufikirie hedi.

Kama gari ni la kabla ya mwishoni mwa 1967, lina dinamo, na waya wa chanya ndio uliofungwa kwenye bodi, kinyume cha magari yote wanayoyaona mafundi leo. Bandika maandishi karibu na betri na uyaandike kwenye tangazo. Fundi mmoja mwenye haraka akifunga betri kwa mazoea, mnunuzi ataunguza vitu siku ya kwanza na simu itakuja kwako.

Rimu za spoku zina ugonjwa wake. Inua gurudumu, mtu mmoja akanyage breki, mwingine ajaribu kulizungusha mbele na nyuma. Ukisikia kilio cha "klak" na gurudumu likacheza juu ya kitovu chake, meno ya ndani yameliwa. Hilo liseme wazi; ni suala la usalama, si la urembo.

Sasa rangi. Hapa msimamo wetu ni mmoja: usipige rangi kwa ajili ya kuuza. Funika kombe mwanaharamu apite inafaa kwenye ugomvi wa majirani, haifai kwenye gari la mkusanyaji. Mtu anayetafuta MGB anazijua dawa zote za kufunika kutu. Akiona rangi ya juzi kwenye vizingiti, atahesabu kuwa chini yake kuna puti na atatoa bei ya gari lililooza, hata kama chuma chako ni kizima. Rangi ya zamani yenye kutu inayoonekana inamwambia mambo mengi zaidi, na mara nyingi anailipia vizuri zaidi.

Kuitengeneza yote

Kwa gari la kubaki nalo, sawa. Kwa gari la kuuza, karibu kila mara ni hasara, na vizingiti ndiyo sababu. Haviondolewi kama bati la madigadi. Gari la wazi linatakiwa likae limenyooka juu ya uzito wake, kila mlango uchomelewe kiunzi cha chuma cha kushikilia nafasi yake, kisha kizingiti kimoja kikatwe na kurudishwa chote, bati la nje, la kati na la ndani, kabla ya kugusa cha pili. Fundi akikata bila kiunzi, bodi hujikunja milimita chache, na tangu hapo mlango hautafunga sawasawa tena hata ukibadilishwa bawaba. Wapo mafundi wa kuchomelea hodari Tanga. Wenye subira ya kazi hii ni wachache, na mabati yenyewe yataagizwa.

Wapo wanaoona njia ya mkato: kuchomelea bati jipya juu ya lililooza. Linapendeza kwa masika moja. Baadaye lile la ndani linaendelea kuliwa huku la nje likiwa zuri, na mnunuzi wa pili ndiye anayeangukiwa.

Kuichinja

Huu ndio uamuzi unaojutiwa zaidi. Zilitengenezwa zaidi ya 500,000 pamoja na ndugu zake, na tangu 1988 Uingereza zinatengenezwa hata bodi mpya kamili. Maana yake spea huko zimejaa. Mlango wako, krenki yako au grili yako inashindana na iliyo rafuni kule, na bado uongeze gharama ya kusafirisha. Vyenye soko la uhakika ni vichache: giaboksi yenye ovadraivu, jozi ya kabureta za SU, rimu za spoku zenye meno mazima, na bampa za kromu zisizo na mikunjo. Injini ya mtu wa Tanga itaishia kuuzwa kwa kilo. Chinja tu gari lililovunjika katikati au lisilo na karatasi zinazoweza kurekebishwa.

Kama injini ni ya Toyota

Si ajabu kukuta MGB yenye injini ya Toyota. Kwa mnunuzi wa hapa hapa anayetaka kwenda nayo Pangani Jumamosi, hilo ni sifa: spea ziko kila mtaa wa Ngamiani. Kwa mkusanyaji ni pengo. Usiirudishe injini ya zamani kwa ajili ya kuuza, lakini kama bloku ya asili bado imekaa kwenye banda, iuze pamoja na gari hata kama imekwama, na hakikisha namba ya injini iliyomo ndiyo iliyoandikwa kwenye kadi.

Uuze wapi?

Tanga mjini wanunuzi wa aina hii wanahesabika, na wengi watakuja na wazo la gari la harusi. Wape ukweli mapema: gari la harusi linabeba bwana, bibi na dereva, na MGB ya wazi ina viti viwili. GT ina kikiti cha nyuma ambacho hata mtoto atakilalamikia.

Dar es Salaam ina pesa na watu zaidi. Usiliendeshe gari lenye rejeta ya mashaka kilomita 350 na zaidi. Libebeshe kwenye lori. Ukilazimika kuliendesha, pita Segera, kisha Msata hadi Bagamoyo, badala ya kujibana na malori ya Chalinze, na utoke alfajiri.

Kenya inavutia kwa sababu Nairobi ina wapenzi wengi wa magari ya zamani, na kila mwaka hufanyika huko maonyesho ya Africa Concours d'Elegance. Tatizo ni kwamba Kenya hairuhusu, kwa kawaida, gari la kuingizwa lililozidi miaka 8. Mnunuzi kutoka Mombasa au Nairobi anaweza kuwa na nia njema kabisa na bado akakwama mpakani Horohoro. Mwambie alete jibu la maandishi la mamlaka za kwao kabla hujapokea pesa, usije ukarudishiwa gari na madai.

Ulaya ni kwa magari ya pekee. Uingereza, gari la zaidi ya miaka 30 lililobaki katika hali yake ya asili linaweza kuingia bila ushuru wa forodha na kwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5 tu. MGB yenye urefu wa chini kidogo ya mita 3.9, ile ya bampa za kromu, inaingia kwenye kontena la futi 20 na nafasi ya spea inabaki. Lakini MGB ya kawaida ni nyingi mno kule, na gharama ya meli itaila faida yote. Fikiria safari hiyo ikiwa gari lako ni la mwanzo kabisa lenye vitasa vya mlango vya kuvuta, vya kabla ya katikati ya 1965, MGC ya silinda sita ya 1967 hadi 1969, au GT V8 ya 1973 hadi 1976, ambayo zilitoka kiwandani 2,591 tu. Kwa hayo, agiza cheti cha historia kutoka jumba la makumbusho la magari la Gaydon, Uingereza. Kinaonyesha tarehe ya kutengenezwa, rangi ya kwanza na nchi gari lilikopelekwa. Kwa gari la kawaida pesa ya cheti itafanya kazi nzuri zaidi kwenye breki.

Tangazo

Andika kasoro kwa vipimo, siyo kwa huruma. Mfano:

*MGB ya wazi, 1971, usukani kulia, iko Tanga. Injini na giaboksi za asili, ovadraivu inaingia gia ya tatu na ya nne. Kompresheni: 150, 148, 152, 120, silinda ya nne haikupanda kwa oili. Breki na klachi zimerekebishwa, tangi jipya. Kizingiti cha kushoto kimeoza sentimita 40 kuanzia nyuma ya gurudumu la mbele, cha kulia kina malengelenge. Turubai limechanika. Haijapigwa rangi. Picha za chini ya gari zipo.*

Picha za chini ziwe sita au zaidi, na mbili zionyeshe sumaku ikiwa imenata na mahali ilipokataa kunata. Weka pia picha ya bamba la namba ya chesi lililo chini ya boneti. Herufi zake zinasema mengi: GHN ni ya wazi, GHD ni GT.

Karatasi

Magari haya mengi yamepita mikono ya mashamba ya mkonge na familia, kwa hiyo kadi mara nyingi ina jina la mtu aliyefariki au kampuni iliyokufa. Kwa marehemu, anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si mtoto mkubwa wala anayelitunza gari. Kwa kampuni, azimio la wakurugenzi lenye mhuri. Mambo haya huchukua muda kuliko kazi yoyote ya gereji, kwa hiyo yaanze kabla ya kununua hata plagi.

Siku ya mauziano: mkataba mbele ya wakili wenye namba ya chesi na ya injini, nakala za vitambulisho, TIN za pande zote mbili, malipo yaingie benki kwanza, kisha kadi halisi na funguo zitoke pamoja. Kasoro zote za kwenye tangazo ziandikwe pia kwenye mkataba na mnunuzi asaini chini yake. Ada ya uhamisho na ushuru wa stempu hulipwa TRA. Kubalianeni nani analipa kabla ya kufika dirishani. Nendeni wote wawili, na uondoke na nakala ya maombi ya uhamisho, kwa sababu faini za barabarani hufuata namba ya gari, na mpaka jina libadilike namba hiyo bado ni yako.